Chumvi ya Ijumaa Kuu

…na sasa uko mdomoni, kijiko kizima, mchuzi wa ndizi nyama, wa moto, na mimi nimesimama mbele ya sufuria na kijiko kitupu mkononi, Yesu wangu, leo Ijumaa Kuu, Ijumaa Kuu yenyewe, si Ijumaa ya kusingizia, na nani kauweka mdomoni, hakuna mtu, ni mkono, mkono huu wa kulia umechota, umeinua, mdomo nao bila aibu ukapuliza ukafunguka, mwenyewe nikiwa mbali nawaza kama ibada ya saa tisa nitaiwahi kutoka huku Kariakoo, mkono umezoea kuonja chumvi kila siku ya Mungu, haukuuliza leo ni lini, basi usimeze, Winifrida, usimeze, funga koo, sogeza ulimi pembeni, tema, ndiyo, natema pale kwenye karo la vyombo, hatua mbili tatu, natema na atakayejua ni Mungu na Anifa mwenzangu basi… na hapo ndipo inapigwa hodi, hodi wapishi, na anaingia nani, anaingia Bi Sabaha, mke wa Mzee Shaibu wa vitenge vya jumla, mwenye oda yake, mwenye futari hii ya wafanyakazi wote wa duka na ndugu na majirani, kaja kukagua, tena amesimama palepale, katikati yangu na karo, baibui lake jeusi, udi unanukia kuliko kitunguu changu, macho yote ndani ya sufuria.

Sasa nitatemaje, mtu amefunga tangu alfajiri halafu amwone mpishi anatema pembeni ya futari yake, kesho itakuwa habari ya mtaa mzima, wataipeleka mpaka Mchikichini, wale mama wawili wa uani usile kwao, wanatema, na kumeza nako siwezi, simezi kwa sababu ya Heriel, na Heriel ni mume wangu, Mluteri wa Machame, mimi Mkatoliki wa Kibosho, tumezaa, Angela wetu mwenyewe sasa anaitwa mama, lakini kila Jumapili tunatoka nyumbani Magomeni tumependeza wote wawili, tumepiga pasi, tunafika kwenye kona ya duka la dawa, haya baba, haya mama, yeye kushoto mimi kulia, kama watu waliokutana tu njiani, kanisani naweka pochi pale ambapo yeye angekaa, na siku ya Pasaka, tukisharudia ahadi za ubatizo, padre anapita na maji ya baraka ananyunyiza, familia za watu zinalowa pamoja, baba anafuta miwani, watoto wanacheka, kwangu inalowa pochi, na kusema kweli naona wivu, naona wivu wakati wa Aleluya, wivu wa benchi, sijui kama huo nao unaungamwa… basi Jumatano ya Majivu nimerudi na jivu langu usoni, Heriel akaniangalia akasema, wewe Mama Angela kila mwaka unaianza Kwaresima kwa kelele na kila mwaka mishkaki inakuangusha Buguruni, nikamwambia mwaka huu sianguki, akasema haya, ukifika Pasaka bila nyama kukupita mdomoni Ijumaa hata moja, Jumapili ya Pasaka nakuja kwenu, nakaa na wewe benchi moja mpaka baraka ya mwisho, akacheka, mimi sikucheka, nikampa mkono kabisa kama tunauziana ng'ombe, na Ijumaa zote nimezipita, kwenye mishkaki napita upande wa pili wa barabara nimeziba pua, imebaki hii, hii ya leo, na hii ndiyo iko mdomoni.

Lakini kwani mchuzi ni nyama? Tulia kwanza, hilo ni swali halali, tena liliulizwa kwenye semina ya Kwaresima, niliuliza mimi, katekista Samson akavua miwani akasema, mama, Kanisa linasema tujinyime nyama, mchuzi halikuutaja, wanawake tukapiga vigelegele, akavaa miwani akasema, ila dhamiri yako inajua huo mchuzi umetoka wapi, vigelegele vikakatika, Scholastika wa jumuiya yetu, ambaye akifunga yeye anataka na paka wake afunge, akanyoosha mkono, je, katekista, vile viungo vya pakiti vyenye picha ya ng'ombe, Samson akasema picha haina dhambi, Scholastika hakuridhika, nasikia nyumbani kwake anaifunika ile picha kama tunavyofunika sanamu wakati wa Mateso… nikauliza tena, na umri je, maana nilisikia mtu akigonga sitini hadaiwi tena kufunga, nami nimebakiza kidogo tu, sijawahi kuutamani uzee ila siku ile, Samson akasema anayestaafu ni yule wa kupunguza milo, mama, kuacha nyama hakuna kustaafu, na hebu fikiri, hii si supu, hizi ni ndizi, ndizi ndiyo nyingi humu ndani, nyama imechanganywa tu kwa ajili ya heshima, huenda kijiko kiliangukia upande wa ndizi… acha, Winifrida, acha kujidanganya, mafuta yake unayasikia juu ya ulimi, ng'ombe huyo, tena wa kifua.

Na Bi Sabaha anasema, Mama Angela, salama, nami nasema mm, habari za nyumbani, mm, mume hajambo, mm-mm, hiyo ya mwisho imenitoka kama hajambo na kama kafariki, Bi Sabaha anamgeukia Anifa, mwenzio leo kulikoni, na Anifa anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, ameshaliona shavu langu, ananijua huyu kuliko mama mkwe, anasema taratibu, leo Ijumaa Kuu yao, Bi Sabaha, yuko kimya, na angalia akili ya mwanamke aliyefunga hataki kuharibu saumu kwa uongo, uongo uko wapi hapo, ni Ijumaa Kuu kweli na niko kimya kweli, Bi Sabaha anasema mashaallah, kumbe hata maneno mnafunga, na ananitazama kwa heshima ambayo jumuiya nzima haijawahi kunipa, ikanibidi niinamishe kichwa kidogo, kitakatifu, mchuzi ukasogea mbele ya meno.

Yote haya kosa la mwezi, kosa la mwezi kuandama ndani ya Kwaresima, maana mimi na Anifa, yeye Mmwera wa Lindi, Mwislamu wa swala tano, tunapika pamoja uani hapa nyuma ya maduka tangu wasichana wetu wanasoma, na tuna utaratibu wetu ambao hakuna padre wala shehe aliyetupangia, Ramadhani yeye amefunga naonja mimi, Ijumaa za Kwaresima mimi nimeacha nyama anaonja yeye, na sufuria haijawahi kutuaibisha, sasa mwaka huu mifungo ikapandana, Anifa akasema kwao mpishi ana ruhusa kugusisha ulimi akatema, akaongeza, lakini mimi najijua, shoga, nikigusisha nitameza, basi Ijumaa zilizopita tukapika samaki na maharage naonja mwenyewe, tukapona, hii ya leo Bi Sabaha akataka ndizi nyama, hataki kusikia samaki, nani ataonja, tukakaa tukafikiri, Anifa akasema tutafute Mluteri, na Mluteri ninaye ndani ya nyumba, nimelala naye miaka yote bila kujua ana kazi, Heriel akakubali, nitapita nionje niende zangu, saa hizi hajatokea, angekuwa amefika mkono huu usingenifanyia hivi, lawama zote kwake, atakuja kanisani au haji bado lawama zake…

Unapoa sasa, mchuzi, ukipoa ni mbaya zaidi, mafuta yanashika kaakaa, na mate yanaongezeka, hilo sikulijua, ukikaa na kitu mdomoni mate yanakuja kukisaidia, kilikuwa kijiko kimoja sasa naona ni bakuli, nje wapagazi wanapita na marobota pisha pisha, watu wananunua nguo za Idi na za Pasaka duka moja, Bi Sabaha anauliza, eti ni kweli leo kanisani kwenu kengele hazilii, ananiuliza mimi halafu anakumbuka, anamuuliza Anifa, na Anifa anaeleza kama amezaliwa Kibosho, hazilii, Bi Sabaha, tangu jana jioni, wanagonga kibao, misa leo hawana, wana ibada, wanapanga foleni wanabusu msalaba, kesho usiku wanawasha moto nje ya kanisa, wanauingiza ndani kwa mshumaa mkubwa, basi hapo ndiyo kengele zote zinalia wanasahau kulala, sawa kabisa, yote sawa, nilimsimulia mwenyewe huku tunamenya vitunguu, nikadhani hasikilizi, sasa anaongeza, halafu kila mtu anapewa yai, hapana, Anifa, yai ni la supamaketi, liturujia haina yai, na siwezi kumrekebisha, nakunja uso tu, Bi Sabaha anauona uso wangu anasema maskini, yuko mbali kiroho.

Na chumvi, anasema Bi Sabaha, mmeonja? Anifa ananiangalia mimi, mimi namwangalia Anifa, nazi imesimama, na hapo inalia simu yangu, iko kwenye ungo wa vitunguu karibu na Anifa, mikono yake ina tui, anabonyeza kwa kifundo cha kidole, inafunguka sauti kubwa, haloo Mama Angela, sauti ya Heriel, uani kote, Anifa anasema ni mimi shemeji, uko wapi, tunakusubiri uje uonje, Heriel anasema, ndiyo maana napiga, yupo karibu hapo? Anifa ananitazama, anameza mate yake ya saumu, anasema huku kimya shemeji, sema tu, na Heriel wangu, mtu mzima, anapunguza sauti kama mwanafunzi, anasema, shemeji, mtanisamehe, mimi leo siwezi kuonja nyama, tafuteni mtu mwingine, Anifa anasema wewe si Mluteri, anasema ni Mluteri ndiyo, lakini Ijumaa zote hizi nimefunga naye, tangu Majivu, lile jino nililosema linauma haliumi, nilimwekea mwenzangu sharti kwa utani, Ijumaa ya kwanza nikamwona ananipakulia nyama yeye anakula mchicha, nikashindwa kutafuna, usimwambie lakini, na Anifa, mbea huyu, badala ya kukata simu anauliza, na je, akishindwa? Heriel anasema akishindwa nitakwenda naye vilevile, suti nimeshatoa kwa dobi, ila hilo ndiyo kabisa usimwambie, atalegea.

Atalegea… ananijua, mwanamume huyu, na mimi nilikuwa namwambia kang'oe hilo jino, Ijumaa baada ya Ijumaa nampelekea maji ya chumvi asukutue, na alisukutua, alisimama pale uani nyumbani anasukutua jino zima, hakusema, na nyama yangu niliyompikia nikadhani anamwachia mlinzi wa jirani kwa huruma, kumbe tulikuwa wawili, nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaofunga na mmoja ndiye aliyekuwa akipiga kelele, mimi nahesabu nitakavyomshinda na yeye anakula dagaa kimya upande ule wa meza, kwa dini isiyo yake, kwa sababu yangu tu, ee Mungu, nampenda, nampenda mzee huyu na nimesimama hapa na ng'ombe mdomoni, na machozi yameanza, Bi Sabaha anasema unaona, hii ndiyo ibada ya kweli, analia bila sauti, halafu anasema, lakini sasa nani ataonja, wewe Anifa umefunga, mimi nimefunga, huyu amefunga, mume wake naye amefunga, Kariakoo nzima leo hakuna mlaji?

Na ningeweza kumeza sasa, hilo ndilo la ajabu, sharti limekufa, suti imetoka kwa dobi, atakuja hata nikila kwato, mchuzi huu hauna tena kesi, unipite tu koo na nimwambie Bi Sabaha ongezeni chumvi kidogo, maana ni kidogo, ndiyo kwanza naisikia, muda wote nilikuwa naonja sheria, na ng'oo, simezi, dakika zile nilikuwa natafuta wa kuniruhusu, Samson, umri, ndizi, sasa hata askofu aje uani hapa na ruhusa yake ina mhuri, simezi, nikimeza nitakuwa nimemwacha Heriel peke yake ndani ya mfungo wangu, nitakwenda na mchuzi huu ibadani kama ni kwenda nao, nitapiga nao magoti, na Jumapili nitamwambia mwenyewe kabla hatujafika kwenye ile kona, uliingia, baba Angela, sikufichi, uliingia lakini haukupita, acheke mpaka akae chini na suti yake… Bi Sabaha anasema yeye hana haraka, atangoja mpaka apatikane mtu wa kuonja, anavuta kigoda, anakisukuma kwa mguu mpaka palepale mbele ya karo, anakusanya baibui lake, anakaa.