Pamba kwenye Kiko cha Luhaga

Siku ya kuanua matanga ya Luhaga, ukoo uligawana vitu vyake bila ugomvi, jambo lililowashangaza hata wagawaji wenyewe. Kiko akapewa Bujiku, mdogo wa marehemu. Bujiku akakijaza tumbaku palepale, akakiwasha, akavuta. Mashavu yakabonyea mpaka yakakaribia kugusana, macho yakamtoka, na moshi uliopatikana usingemfukuza hata mbu mmoja.

"Kimeziba," akasema.

"Tumbaku yako mbichi," mzee mmoja akamwambia.

"Au kaka yako hataki kukiachia," akasema mwingine.

"Au kuna mtu kaweka kitu," akasema Monika, dada wa marehemu. Hakumtazama mtu yeyote, lakini kila mtu alijua hamtazami nani.

Milembe, mjane, akaendelea kupakua wali. Kilichokuwa ndani ya kiko alikijua.

Miaka mitatu nyuma daktari alimwambia Luhaga aachane na kiko, maana hakikifai kifua chake. Luhaga akamshukuru daktari, akatoka nje, akawasha. Basi Milembe akachukua pamba ya shambani kwao, akaisokota ikawa kama punje ya mahindi, akaisukuma ndani ya mrija pale unapoingia kwenye kichwa cha kiko. Hakuziba njia yote. Alibakiza nafasi ya mtu kuvuta kidogo na kuchoka. Kila Jumapili kabla ya misa aliikagua pamba yake, na kila Jumapili aliikuta. Luhaga alilalamika kwamba kiko kimezeeka kama mwenyewe, akawa anakiweka chini baada ya kuvuta mara mbili, kikohozi kikapungua. Daktari akamsifu kwa utii.

Kisha, msimu wa kuuza pamba, Luhaga akagongwa na pikipiki iliyobeba magunia ya pamba, kwenye barabara ya lami ya kuingia Bariadi, mbele ya kibanda cha Mashimba fundi baiskeli. Kifua chake siku hiyo hakikuwa na neno. Kiko kilikuwa mkononi, na watu wote wakasema alikuwa anakipeleka kuzibuliwa.

Tangu hapo Milembe aliamka na wazo moja: pamba iliziba kiko, kiko kikampeleka mzee barabarani. Angeitoa kimyakimya, lakini Monika alikichukua kiko hospitalini akakitunza kwenye mkoba wake mpaka siku ya matanga. Na kijijini kwao, mjane akikutwa ameficha kitu kwenye kiko cha mumewe, hakuna atakayengoja kuambiwa kwamba ni pamba.

Asubuhi iliyofuata Bujiku akaenda na kiko kwa Mashimba. Monika akaenda ili ashuhudie. Milembe naye akaenda, kwa sababu kubaki nyumbani kungekuwa sawa na kukiri.

"Mwangaluka, mayu," Mashimba akamsalimia yeye kwanza kwa Kisukuma, kwa heshima ya mama. "Pole tena."

"Mwangaluka. Tumeshapoa."

Mashimba akakipokea kiko, akakinusa, akakipuliza kidogo. "Hiki hakina tabu. Mzee alikuwa anakivuta hivihivi. Kizoee tu."

"Nikizoee? Jana nimevuta mpaka kitovu kimesogea!"

"Vuta taratibu, mzee wangu."

"Kifungue!" Monika akaingilia. "Wewe ni fundi au padri, unatuhubiria subira?"

Mashimba akamtazama Milembe kwa kitambo. Milembe akaona amekwisha kujulikana. Fundi akaupasha mrija juu ya jiko la mkaa alilobandikia chai, masizi ya tumbaku yakalainika, akauzungusha mpaka ukachomoka. Akaingiza spoki ya baiskeli, akasukuma. Kidonge cheusi chenye kunata kikadondoka juu ya benchi, mfano wa kinyesi cha mbuzi.

"Dawa!" Monika akaruka nyuma. "Nilisema! Sikusema?"

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha wakasimama kabisa, wasipitwe.

"Si dawa, wifi," akasema Milembe. "Ni pamba. Niliiweka mimi, asivute sana."

"Umesikia, Bujiku? Kakiri mwenyewe! Kaka kaja huku kuzibua kiko alichokiziba mkewe, kafa!"

Yalikuwa maneno yaleyale ambayo Milembe alijiambia kila alfajiri, ila kwa sauti ya Monika yaliuma zaidi.

"Hakuwa anakuja kuzibua," akasema Mashimba. Akakigeuza kidonge kwa ncha ya spoki. "Na hii niliiweka mimi."

Wote wakamgeukia.

"Kila Jumatano, miaka mitatu. Mzee anakaa kwenye benchi hilo, naitoa pamba, anavuta mpaka anaridhika. Halafu ananiambia, 'Irudishe vizuri, Mashimba, mwenyewe anakagua Jumapili.' Ikichakaa tunaweka nyingine. Pamba huku haiadimiki."

"Alijua?" Milembe akauliza.

"Tangu juma la kwanza, mayu. Alisema mke akihangaika hivyo kukuzibia kiko, ukimwambia umegundua utamvunja moyo."

Milembe akakaa kwenye benchi. Miaka mitatu alijiona mjanja, akimdanganya mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumsaidia asigundulike.

"Siku ile," akasema, "alikuwa anakuja au anarudi?"

"Anarudi. Alikuwa ameshavuta. Alivuka huku anacheka, tulikuwa tunamsema shemeji yangu mmoja."

Milembe akatikisa kichwa polepole. "Mwongo mkubwa," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsema vibaya mumewe tangu azikwe. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Lakini bila pamba yako angevutia nyumbani," Monika akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Asingevuka barabara."

"Kweli, wifi."

"Na angevutia nyumbani kila siku," akasema Bujiku, "leo tungesema kiko ndicho kilichomuua. Monika, wewe hakuna msiba unaokukosesha la kusema. Mashimba, rudisha mrija, lete hicho kiko."

Akakijaza, akakiwasha, akavuta kwa nguvu zilezile za jana. Safari hii njia ilikuwa nyeupe. Moshi ukamwingia wote kwa mkupuo mmoja. Bujiku akashika nguzo ya kibanda, kofia ikaanguka, akakohoa kikohozi kirefu cha chini kabisa ya mbavu. Milembe alikitambua. Kumbe kilikuwa cha ukoo.

Monika alimtazama kaka yake aliyebaki, na uso wake ukabadilika. Akasogea karibu na mjane, akamnong'oneza:

"Wifi, ile pamba huwa unaisokota unene gani?"

"Punje ya mahindi. Lakini sokota wewe. Mimi nimestaafu."

"Na Jumapili niikague?"

"Ukague usikague," akasema Milembe, akimtazama Mashimba, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na gurudumu. "Watamalizana wenyewe."