Ploti Iliyopanda Ngazi

Jumanne moja ya Aprili 1998, saa tatu kasorobo asubuhi, Nelima Wanyonyi alisimama nje ya ofisi ya Wakili Kitonga, gorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo hapo Kitengela, akikwangua matope viatuni kwa kijiti. Alikuwa ametoka kuangalia ploti aliyotaka kununua. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na udongo mweusi wa Kitengela ukilowa hung'ang'ania mguu kama mtoto asiyetaka mamake aende kazini.

Nelima alikuwa nesi katika zahanati moja Athi River, na Jumanne ndiyo iliyokuwa siku yake ya kupumzika. Yeye na mumewe, Mwalimu Wanyonyi, walikuwa wamepanga chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja, binti yao Whitney akilala nyuma ya pazia. Kila waliyemwambia kwamba wanatafuta ploti aliwapa ushauri uleule: ardhi ya wilaya hii ya Kajiado hainunuliwi bila wakili, na wakili mwenyewe awe mzoefu.

"Wakili wa ardhi ni kama mkunga," mchungaji wao aliwaambia. "Usimchukue anayejifunzia kwako."

Kitonga alikuwa amefanya kazi za ardhi na kampuni kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na mvi za pembeni, miwani iliyofungwa kwa kamba, na sauti ya chini kama ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Alisema angewasimamia wanunuzi na muuzaji pia, ili wasisumbuke na mawakili wawili. Muuzaji alikuwa mama mmoja mjane wa Kimaasai, Nashipae, aliyekuwa akikata kipande cha futi hamsini kwa mia kutoka kwa ardhi aliyoachiwa na mumewe. Nashipae aliweka kidole gumba. Nelima na Wanyonyi walilipa, wakatia sahihi kila mahali walipoonyeshwa, na mahali pengine pawili ambapo karatasi ilikuwa bado tupu.

"Nendeni mlale, Mama Whitney," alisema Kitonga. "Title ya ploti itakuwa imetoka kabla ya Krismasi."

Krismasi ikapita. Ya pili nayo ikapita. Kila walipouliza, waliambiwa faili iko Kajiado, na watu wa Kajiado wako kwa semina. Mwezi wa pili mwaka 2000, Nelima alipanda basi akaenda Kajiado mwenyewe. Karani wa ofisi ya ardhi alimfungulia rejista na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu. Ploti ilikuwa imeandikishwa kwa jina la kampuni ambayo Nelima hakuwahi kuisikia. Anwani ya kampuni ilikuwa sanduku la posta. Nelima alilijua sanduku hilo; lilikuwa limechapishwa juu ya kila barua ambayo Kitonga aliwaandikia. Hapo chini kampuni ilikuwa imekwisha kuiuza ploti kwa mfanyabiashara aitwaye Mburu, aliyenunua kwa nia safi. Nelima alipofika kwenye ploti jioni alikuta ua wa mabati na msingi wa nyumba za kupangisha umechimbwa.

Wanyonyi alisikiliza habari yote akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akafungua kamba za viatu.

"Tumeshindwa, mama," alisema. "Twende nyumbani Bungoma."

"Wewe tangulia," Nelima akamjibu.

Akatangulia mwezi wa nne, na magodoro mawili na redio. Whitney alikuwa shule ya bweni. Nelima alibaki na kitanda, jiko, na Jumanne zake.

Kila Jumanne alianzia kwenye ploti. Aliuzunguka ule ua wa mabati, akikanyaga pale ambapo mafundi walimwaga udongo waliouchimba, halafu akapanda ngazi hadi kwa Kitonga bila kukwangua viatu. Aliketi kwenye benchi ya wateja tangu saa tatu hadi saa saba, ofisi ilipofungwa kwa chakula cha mchana. Hakugombana na mtu. Hakulia. Moyoni alikuwa ameacha kuomba arudishiwe ploti, maana aliona ombi hilo limezeeka. Aliomba jambo moja tu: Kitonga naye ashikwe mahali, asitoke.

Makena, katibu wa Kitonga, alifagia matope ya Nelima kila Jumanne jioni. Jumatano asubuhi aliyakuta yapo, na mengine kidogo juu yake. Alidhani ni mfagio, akanunua mwingine. Kufikia mwezi wa sita udongo ulikuwa umefika kwenye vifundo vya miguu, sakafu nzima, kuanzia mlangoni hadi nyuma ya meza ya wakili. Mwezi wa nane zikaota nyasi. Kichuguu kikainuka karibu na mashine ya fotokopi, na migunga miwili midogo ikachipuka kando ya kabati la mafaili. Mwenye duka la dawa za mifugo huko chini hakulalamika, kwa kuwa dari yake haikupasuka. Siku moja ya Oktoba, Makena alifungua ofisi akakuta bikoni nne za saruji, zile za mipaka, zimejitokeza katika pembe nne, namba zikisomeka vizuri. Alipiga simu kwa mpima ardhi, aje aseme ni za nani. Mpima alivuta utepe wake ndani ya chumba hicho cha hatua sita kwa nane, akapata futi hamsini kwa mia. Akarudia. Akapata hivyohivyo, akaandika.

Kitonga alimtuma Makena akanunue gambuti za wateja, saizi mbalimbali, zipangwe mlangoni.

"Waambie ni ukarabati," alisema.

Nelima alimleta Nashipae aje aone. Mama huyo alipanda ngazi polepole, akashika ukuta. Alisalimia watu waliokuwa kwenye benchi, "Supa," nao wakamjibu, "Ipa." Kisha akavua malapa, akakanyaga.

"Hii ni ile yangu," alisema. "Hapa ndipo ndama yangu mwekundu alizaliwa. Hapo kwa ile meza kulikuwa na maji wakati wa mvua." Akamgeukia Kitonga. "Wewe, ulinibebea shamba mpaka huku juu ya nini?"

"Sikubeba, mama," Kitonga alijibu. "Limekuja lenyewe."

"Shamba haliendi mahali haliitwi," alisema Nashipae. Akavaa malapa yake akashuka.

Kwa ushahidi huo, Nelima alienda kutafuta wakili mwingine. Alimpata Kajiado, mama mmoja aitwaye Mbithe, mzoefu naye, mwenye miaka kumi na minane kazini. Kesi ilisikizwa mwaka 2001. Hakimu alikuja mwenyewe hadi ofisini, akapewa gambuti saizi tisa, akatembea kutoka bikoni hadi bikoni akiwa ameshika rundo la karatasi. Pundamilia mmoja, aliyepanda ngazi kwa sababu ya kiangazi, alikuwa akila nyasi karibu na dirisha. Hakimu alingoja amalize ndipo akapita. Alisema udongo ulikuwa mzuri.

Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye. Ploti ya Kitengela ilikuwa ya Mburu, kwa sababu Mburu alinunua bila kujua lolote. Kampuni nayo haikuwa na kosa lililoonekana kwenye karatasi, kwa sababu sahihi ya Nelima ilikuwa pale chini, nzuri na kamili, ikikubali ploti iende kwa kampuni. Kuhusu ardhi iliyokuwa ofisini, mahakama iliona kwamba kilichomo ndani ya chumba cha kupanga ni cha mwenye kukipanga.

"Mama, sheria inaangalia karatasi," Mbithe alimwambia nje ya mahakama. "Haiangalii matope."

Nelima alipanda basi la kurudi. Jumanne iliyofuata alikuwa kwenye benchi.

Mvua za Aprili 2002 zilinyesha Kitengela yote, na zikanyesha pia ndani ya ofisi ya Kitonga, kwa kuwa ile ilikuwa ploti kama ploti nyingine. Makena alifunika mafaili kwa karatasi za nailoni. Kitonga alikuwa amesimama nyuma ya meza, akimsomea mteja mkataba wa ubia wa duka la vifaa vya ujenzi, udongo ulipomshika miguu. Aliendelea kusoma. Alipofika kifungu cha tisa ulikuwa magotini. Mteja alipotia sahihi ulikuwa kiunoni, na hapo ukatulia.

Walijaribu kumtoa. Vijana wanne walikuja na majembe, lakini majembe yalidunda kama yamegonga chuma. Mkewe akaleta fundi na kamba, na kamba ikakatika. Mwishowe Makena, kwa kubahatisha, alimpa Nelima jembe, na Nelima alipoligusisha chini, udongo ulimeguka kama ugali. Akalirudisha jembe kwa Makena.

"Mama Whitney," alisema Kitonga. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumtaja kwa jina. "Chimba tu kidogo. Niko na presha mimi."

"Niandikie ploti nyingine ya saizi hiyo. Uko nazo nyingi. Niandikie sasa, nichimbe sasa."

Kalamu ilikuwa karibu na mkono wa wakili. Kitonga aliitazama, kisha akatazama kabati la mafaili. Pengine alikuwa akihesabu wangapi wengine wangekuja na majembe yao kama angeandika hiyo moja.

"Hiyo itakuwa kukubali kosa," alisema. "Siwezi kukubali kosa ambalo mahakama haikuliona."

"Basi kaa," Nelima akamwambia.

Akakaa. Mkewe alimletea chakula na nguo za kubadilisha, zile za juu. Meza ilishushwa hadi usawa wa kifua chake. Watu walizoea. Kwa kweli kazi iliongezeka, kwa sababu tatizo la mawakili wengi ni kwamba huwapati ofisini, na Kitonga alikuwepo saa zote.

Nelima, akiwa nesi, aliona mambo mawili ambayo wengine hawakuyaona. La kwanza, udongo mweusi ukikauka hupasuka, na mwanya ukipanuka vya kutosha mtu aweza kujivuta akatoka. La pili, mwanamume wa miaka sitini mwenye presha, asiyetembea, hawezi kuishi muda mrefu, na akifa watamzika kwao, na kuzikwa ni kutoka. Kwa hiyo kila Jumanne alikuja na mitungi miwili ya maji na kipimo cha presha. Alimpima. Alimletea vidonge na kusimama pale hadi avimeze. Alimkataza chumvi. Alimfundisha kukunja na kunyoosha mikono, ishirini asubuhi na ishirini jioni, na Makena akaambiwa ahesabu.

Whitney alimaliza shule akaja kumchukua. "Mami, Baba anakuuliza utakuja lini. Amejenga. Kuna hata veranda."

"Mwambie nitakuja."

"Lini?"

"Jumanne siwezi," alisema Nelima. Whitney alingoja kusikia kuhusu siku zile nyingine sita, na mamake akaenda kuchota maji.

Mwaka 2006, mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kikali, alikuta wateja wapya mbele ya meza, kijana na mkewe, wafanyakazi wa shamba moja la maua huko Isinya. Mke alikuwa na mimba ya miezi saba hivi, na gambuti alizopewa zilikuwa kubwa kumpita. Mkataba ulikuwa wazi mbele yao. Nelima aliona karatasi mbili zilikuwa tupu.

"Msitie sahihi," aliwaambia. "Huyu alininyang'anya ploti yangu. Ndiyo hii mmesimama juu yake."

Kijana alitazama chini, halafu akamtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa.

"Tunajua, mama. Tulishaambiwa," alisema. "Lakini huyu ako na experience. Na tena, wengine wanakula pesa wanahama. Huyu hawezi kutoroka."

"Hiyo ni kweli kabisa," alisema Kitonga, akamsogezea kalamu.

Walitia sahihi, yeye kwanza, kisha mkewe akiwa ameshika mgongo. Wakashukuru, wakarudisha gambuti mlangoni, wakashuka ngazi taratibu wakizungumza juu ya mahali pa kuweka jikoni.

Nelima alimfunga Kitonga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akabonyeza, akasikiliza.

"Iko ngapi?" aliuliza Kitonga.

"Iko sawa. Mia moja na thelathini." Akakunja kipimo chake akakitia mfukoni. "Utaishi sana, Wakili."

Kisha akamwaga maji kukizunguka kiuno cha Kitonga, polepole, ili yasipotee, hadi nyufa zote zikajifunga. Mtungi wa kwanza ulipokwisha, akainua wa pili.