Jibu Linalokaribia

Mwalimu Sirma alibeba ubao wa shule hadi kwenye ghala la ngano, katika shamba ambalo wanachama wa ushirika wa Ainabkoi walilinunua kwa Mzungu baada ya uhuru. Walikuwa wamemkabidhi swali moja: kila mavuno wale kiasi gani, na warudishe kiasi gani shambani ili likue. Kabla jibu halijapatikana, shamba lisigawanywe.

Sirma alikuwa akikisia jibu, analirekebisha, anaanza tena, na kila jibu lilizidi kusogelea lile lililotangulia. Hilo lilimfurahisha kuliko ngano yenyewe.

"Tumekaribia kabisa," aliwaambia wanachama waliokusanyika siku hiyo. "Majibu sasa yanapishana kwa unywele tu. Tukijinyima leo, shamba litatushibisha huko mbele."

Jelagat, mjane wa mwanachama mmoja, akasimama. Mume wake aliuza ng'ombe wote ili anunue hisa katika shamba hilo, na wiki iliyopita walimzika mbali, kijijini Yamumbi, kwa ndugu yake, kama mgeni aliyefia safarini, kwa sababu hapa hakuna aliyewahi kuonyeshwa kipande chake.

"Mwalimu," akasema, "kwa hiyo hesabu yako, sisi tunakufa mwaka gani?"

Sirma aligeukia ubao, akapitisha macho mstari baada ya mstari, ingawa alijua hatapata kitu. Miaka aliyoiandika pale haikuwa na mwisho. Aliiacha hivyo makusudi, maana watu wasiokufa ni rahisi kuwapigia hesabu.