Mwanamke wa Kwenye Mpini

Mtu akiniletea bastola ya marehemu babu yake na kuniambia "ing'arishe iwe mpya," huwa namwonyesha mlango. Karakana hii ninayo mwaka wa kumi na tisa sasa, hapa Missouri, nyuma ya duka la mbegu, na wanaume wazima wenye ndevu zao wameshatoka humu wamenuna. Chuma cha zamani husafishwa, hakichunwi ngozi. Ukishaondoa rangi yake ya kiwandani umebaki na pambo la ukutani, basi. Kaka yangu Dwight nimemwambia hayo mara mia, na bado siku ya mazishi ya Babu Harlan aliniinamia sikioni kuninong'oneza kwamba ile bastola ya mzee ingependeza ikichovywa nikeli. Kanisani, jamani!

Lakini aliyeniletea si Dwight. Ni Bibi Maudeen mwenyewe, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mwaka tisini na saba, na miaka yake sabini na tisa, na moyo wake unaodunda unapotaka. Aliingia bila hodi, akatua mfuko wa unga mezani pangu nusura amwage kahawa, akaichomoa ile bastola ndani yake.

"Twyla, fundi wa ukoo huu ni wewe. Nataka unitajie jina la huyu mwanamke."

Nilijua mwanamke gani. Ukoo mzima tunajua. Babu alirudi na bastola hiyo kutoka vita vya Pasifiki. Kibao cha kulia cha mpini wake si cha mti, ni cha plastiki angavu, na chini ya plastiki kuna picha. Wanajeshi wengi walifanya hivyo wakati ule: kipande cha dirisha la ndege iliyovunjika kinachongwa, picha ya mpenzi inabandikwa nyuma yake, mtu akishika silaha anakuwa ameshika na wa kwao. Picha ya Babu ilikuwa imefifia, unaona bega na nywele tu. Na nywele zenyewe nyepesi kama za rangi ya dhahabu, wakati Bibi yangu alikuwa na nywele nyeusi tii mpaka alipofika sabini.

"Miaka yote hiyo hukuuliza, leo haraka ya nini?"

"Yule mchonga mawe ya makaburi kanipigia tena. Jiwe letu ni la watu wawili, upande wa babu yako umeandikwa, wangu mtupu, huu mwaka wa pili. Watu wanapita wanatazama, wanasema. Wacha waseme! Huyu akiwa kimada wake, mimi nakwenda kuzikwa na mama yangu kule Pleasant Ridge. Harlan abaki na picha yake."

Alisema kwa ukali, lakini alikuwa anaukunja na kuukunjua ule mfuko mtupu. Nilimpenda Babu kupita kiasi, na Bibi nampenda vilevile na ulimi wake. Nikaona wazi kwamba jibu likiwa baya, mimi na bisibisi yangu ndio tutakaowatenganisha. Nilitamani kumwambia arudi nyumbani apike maharage yake tuyasahau, ila kwa Bibi Maudeen hakuna kitu cha namna hiyo.

Nikafungua silinda, tupu. Nikaigeuza. Chini ya mpini namba ilianza na herufi V, maana yake ni ya miaka ya vita. Rangi ya kijivu iliyofubaa, hawakuwa na muda wa kung'arisha. Juu ya fremu alama ya jeshi la majini. Na kitakoni pete ya kamba, rubani aifunge isimdondoke huko angani. Hapo nikasita.

"Bibi, Babu alikuwa fundi wa ndege, sio?"

"Fundi. Hata ngazi alikuwa anaiogopa."

"Mafundi hawakupewa bastola. Walipewa spana. Hii ni ya rubani, haikuwa yake."

"Kaiba?"

"Sijasema kaiba."

"Mwizi na mzinzi!" Akakaa juu ya ndoo ya risasi kuukuu, akajipepea na mfuko wa unga.

Skrubu ya mpini ilikuwa imeshikwa na kutu. Ukiilazimisha unakivunja kichwa chake, kwa hiyo niliitia mafuta nikaiacha inywe. Wakati inakunywa nilisafisha mtutu kwa mafuta na senti moja ya zamani, ile ya shaba tupu. Shaba inakwangua kutu na haigusi rangi. Bibi alinitazama karibu saa nzima bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kisha nikaiinamia plastiki na kioo changu cha kukuzia.

"Hii haijafifia kwa uzee. Ingekuwa imegeuka njano tu. Hii ina mikwaruzo, inazunguka, inazunguka, mtu kaisugua kwa makusudi."

Bibi akatazama viatu vyake.

"Bibi?"

"Mwaka hamsini na moja," alisema. "Kwa waya wa kusugulia masufuria. Nilimsugua uso mpaka mkono ukafa ganzi. Mbona unanitazama hivyo? Na wewe ungemsugua."

Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye hakucheka.

Nilichukua msasa laini kabisa, nikaulowesha, nikaanza taratibu. Halafu dawa ya meno kwenye kitambaa, duara dogo dogo, futa, tazama, rudia. Kwanza likaja sikio. Kisha jicho. Kisha mdomo unaocheka, meno ya mbele yameachana kidogo. Msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kavaa sweta iliyofumwa kwa mkono. Bibi alikuwa ameshasimama nyuma yangu, nasikia anavyohema.

"Katoto," alisema. "Nimekaa nikigombana na katoto."

"Unamjua?"

"Simjui. Zaidi ya kwenye hiki kibao sijawahi kumwona popote." Akanishika bega. "Fungua sasa. Fungua, Twyla, nisije nikafa hapa kando ya ndoo."

Skrubu ilizunguka bila kelele. Nikakibandua kibao, nikakigeuza. Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya wino, mkono nisioujua: *Wako, Lucille. Iowa, 1943.* Chini yake kwa penseli, zile herufi kubwa kubwa za Babu alizokuwa anaandikia kwenye mikebe ya misumari: *Luteni Kratz. Kibao cha kulia tu. Anakuja kuchukua Ijumaa.*

Na chini kabisa, penseli nyingine: *Hakuja. Namtunzia.*

Nilimsomea. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Babu alikuwa anawachongea marubani vibao. Huyu Kratz alimwachia bastola na picha ya mchumba wake, akaruka, akafia huko. Na fundi wake akakitunza kitu cha watu zaidi ya nusu karne, bila kujua ampelekee nani, na jina moja tu la msichana na jimbo zima la Iowa.

"Kwa nini hakusema?" nililipuka. Hasira ilinipanda, kweli. "Neno moja tu, Bibi! Angekuambia neno moja!"

Bibi aliketi.

"Alitaka," alisema. "Siku ile nilipomaliza kusugua, aliikuta mezani. Hakufoka. Alikaa akasema, Maudeen, njoo nikuambie kuhusu hii bastola. Nikamwambia, ukimtaja huyo mwanamke ndani ya nyumba hii, narudi kwetu na watoto. Alijua nitarudi kweli. Akanyamaza, Twyla. Mara ya pili alikuwa hospitali, wiki ya mwisho. Akaanza, Maudeen, ile bastola... Nikamwambia lala." Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta. "Nikamwambia lala."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tukakaa hivyo mpaka Dwight akachungulia mlangoni kuuliza kama nikeli inawezekana, nikamfukuza.

Kisha Bibi akajipangusa kwa mfuko wa unga, unga ukambaki shavuni, akaomba simu. Mchonga mawe alipopokea, alimsemesha kwa sauti ile ile ya kuita kuku.

"Maudeen Stiles hapa. Njoo uchonge. Ndiyo, jina la Stiles, lingine la nini? Lilingane na lake." Akasikiliza. "Maneno chini ya jina? Ngoja."

Alifunika simu kwa kiganja, akakitazama kile kibao mkononi mwangu, yule msichana anacheka. Kisha akaifunua.

"Andika hivi: *Haya, Harlan, sema. Nakusikiliza.*"

Nadhani yule bwana aliuliza kama kasikia sawasawa.

"Umesikia," Bibi alisema. "Andika."