Mtu wa Tatu, Hana Shughuli

Mwandiko wa kaka yake angeutambua hata kwa kupapasa. Herufi zililala upande mmoja, na kila mstari ulimalizika kwa nukta iliyokandamizwa mpaka karatasi ikabonyea. Kitinda alilivuta dodoso karibu, akasoma anwani juu yake. Ilikuwa nyumba ya mama yake.

Jina hilo la Kitinda alipewa nyumbani, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Katika ofisi ya takwimu alikuwa karani tu, mmoja wa wanane waliobanana kwenye meza nne chini ya feni iliyozunguka ikijisikia. Kazi yao ilikuwa kusoma majibu ya madodoso na kuyapa namba. Mkulima, moja. Mwajiriwa, mbili. Ikaenda hivyo mpaka tisa, na tisa ilikuwa ya mtu asiye na shughuli yoyote.

Mtu wa kwanza katika dodoso lile alikuwa mkuu wa kaya, miaka arobaini na mmoja, mchumi. Wa pili alikuwa mama yake, mgonjwa wa kiharusi. Wa tatu alikuwa dada yake, miaka arobaini na sita. Mbele ya jina la huyo wa tatu, kwa mwandiko ule ule wa kulala, kaka yao alikuwa ameandika: hana shughuli.

Kitinda alisoma mara tatu. Hana shughuli! Mwanamke anayemgeuza mama yao kila baada ya saa mbili asioze mgongo. Anayemlisha kwa kijiko, kijiko kimoja dakika nzima, kwa sababu upande wa kulia wa mdomo haumezi. Anayefua mashuka manne kwa siku. Mwanamke aliyeacha shule ili huyo huyo mwenye mwandiko mzuri aendelee nayo, akamfulia sare, akamuuguza surua, akamwamsha alfajiri za mitihani. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hatoi mateke kwa maandishi.

Si kwamba maoni ya kaka yao yalikuwa siri. Nchi nzima iliyajua. Alialikwa redioni kila wiki kueleza maendeleo, na watangazaji walimwita Daktari kwa heshima zote, ingawa nyumbani alikuwa hajui hata vidonge vya mama yake vipo kwenye kopo gani. Maendeleo, alisema Daktari, hupimwa kwa kinachozalishwa. Familia ndiyo kituo bora cha malezi. Serikali ikianza kujenga vituo vya kutunzia wazee na watoto, inaua familia kwa mikono yake. Tena havihitajiki, kwa sababu asilimia thelathini na nane ya wanawake hawana shughuli, na hao ndio nguvu ya malezi tuliyo nayo tayari. Mke wake mwenyewe alishaondoka zamani, akisema yeye hakuolewa na mihadhara.

Hiyo thelathini na nane ilitoka wapi? Ilitoka kwenye meza hii. Kitinda ndiye aliyekuwa akiiandika, tisa baada ya tisa, miezi minne mfululizo, bila kujiuliza. Hasira zikampanda mpaka masikioni, na nusu ya hasira hizo zilikuwa juu yake mwenyewe.

Sasa, dodoso hilo lilitungwa na Daktari, na kanuni zake alizitunga yeye pia. Kanuni ya kumi na nne ilisema kila mtu mzima aliyepo nyumbani ajijibie mwenyewe, kwa mwandiko wake. Ikionekana amejibiwa na mwingine, karani abandike kibandiko chekundu, na mdadisi anayepita nyumba kwa nyumba arudi kuuliza upya. Lakini mdadisi alipofika nyumbani kwa Daktari, Daktari alimwambia, "Lete hapa, hili nimelitunga mimi," akajaza kaya nzima akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Mdadisi gani angebisha?

Kitinda alibandika chekundu, akalipeleka kwa mkuu wa kitengo. Mkuu alilitazama kama aliyeletewa nyoka kwenye sahani.

"Binti, unataka tule wapi?"

"Kanuni ni yake, mzee. Sijaitunga mimi."

"Lirudishe kwenye boksi na kibandiko chake, na mimi sijaona kitu."

Basi akalirudisha. Kisha akavuta boksi la jana, na la juzi. Alitafuta kila tisa iliyokuwa na mwandiko wa mume, wa baba, wa mwana au wa kaka, akaibandika. Karani wa meza ya pili, mama wa watoto watatu asiyekuwa na maneno mengi, alimwangalia siku mbili. Siku ya tatu akanyoosha mkono. "Nipe na mimi hivyo vibandiko."

Jumamosi Kitinda alikwenda nyumbani, kama kawaida yake, na mfuko wa machungwa. Dada Mkubwa alikuwa anamkausha Mama nywele. Alisubiri Mama asinzie, ndipo akachomoa bahasha chini ya kopo la vidonge.

"Wamenichukua," alinong'ona.

Chuo cha wauguzi wasaidizi. Miaka sita alikuwa amesoma pembeni ya kitanda hiki, kitabu gotini na jicho moja kwa Mama. Mtihani wa kwanza ukamshinda, wa pili akafaulu. Kujiandikisha ilikuwa Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Chuo hakikuchukua mtu aliyezidi miaka arobaini na sita, kwa hiyo hapakuwa na mwakani.

"Na Mama?"

"Kile kituo cha kutwa, mitaa miwili kutoka hapa. Kimeshapakwa rangi, vitanda vimo, na wauguzi wamepatikana. Wangempokea asubuhi, namfuata jioni. Wanasubiri kamati iseme kifunguliwe."

Kitinda alijua kamati ingesema nini. Ingekaa Alhamisi hiyo hiyo, saa nne asubuhi, na atakayeishauri alikuwa sebuleni, anasoma gazeti lililochapisha picha yake.

Walimwendea wote wawili. Daktari alikunja gazeti taratibu, akasoma barua ya chuo mpaka mwisho, akatabasamu.

"Dada, hongera, kweli kabisa. Ila umri huo, uanze kukimbizana na wasichana kwenye wodi?"

"Nitakimbia nao," alisema Dada Mkubwa.

"Na Mama tumpe wageni?"

"Mama alikukabidhi kwa mgeni akufundishe kusoma. Mwalimu hakuwa ndugu yako."

"Hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi nazungumzia sera. Kituo kimoja leo, kesho mia, na keshokutwa hakuna mtu anayejua mama yake anapenda uji wa namna gani."

"Na mama yako anapenda wa namna gani, kaka?" aliuliza Kitinda.

Daktari alimtazama kana kwamba kiti kimeongea.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema Kitinda. "Umemwandika hana shughuli! Nimeliona dodoso, kwa macho yangu. Ungesema mvivu tungejua unatukana. Wewe umemfuta!"

"Ni istilahi tu, Kitinda. Shughuli maana yake kazi yenye ujira. Usilete jazba kwenye takwimu."

Dada Mkubwa alikuwa hajui habari za dodoso. Alikunja barua yake mara mbili, akairudisha kwenye bahasha. "Alhamisi nani atabaki na Mama?" aliuliza.

"Si upo?" alisema Daktari, akafungua gazeti.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dada Mkubwa alimlisha Mama, akambadilisha, akamgeuza. Akamnong'oneza sikioni jambo ambalo Mama alilijibu kwa kumbana kidole kwa ule mkono wa kushoto uliobaki na nguvu. Halafu akagonga mlango wa kaka yake. "Mama ameshakula. Atageuzwa saa mbili unusu. Mimi natoka." Daktari, akiwa anafunga tai, alidhani anakwenda dukani.

Saa mbili na dakika arobaini simu ya Kitinda ililia. Alikuwa nyuma ya gari la ofisi, amezungukwa na maboksi ya madodoso, maana kamati ilitaka kuyaona yenyewe.

"Dada kaenda wapi? Hapokei simu! Njoo haraka ukae na Mama, nina kamati."

"Niko kazini, kaka."

"Omba ruhusa!"

"Omba na wewe."

"Kitinda, usinifanyie mchezo. Mimi ndiye mtoa mada!"

Kitinda alifumba macho. Akienda, kaka yake atafika kwenye kamati, na kwa ulimi ule hakuna wa kumshinda. Kituo kitabaki na vitanda vyake vitupu, na Dada atarudi nyumbani na cheti cha kujiandikisha asichoweza kukitumia. Asipokwenda, Mama yuko na mwanamume asiyejua hata kumnyanyua. Hilo lilimuuma kuliko yote. Lakini alikuwa ni mwanawe, jamani. Alizaliwa na mama huyo huyo.

"Tafuta mtu asiye na shughuli," alisema, akakata simu.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, glasi zilizofunikwa, na kiti kimoja kitupu cha mtoa mada. Kitinda na mkuu wa kitengo walikaa ukutani, kando ya maboksi. Saa nne ikapita. Saa nne na robo mhudumu aliingia na karatasi. Mwenyekiti, mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliivaa miwani hiyo, akasoma kwa sauti ili iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi, sitaweza kuhudhuria. Sina mtu wa kumwachia mama yangu mgonjwa."

Alisita, akasoma tena sentensi ya mwisho kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mjumbe mmoja akakohoa.

"Kwani nyumbani kwake hakuna mtu mwingine?" aliuliza Mwenyekiti, akitazama huku na huku.

Mkuu wa kitengo alimkanyaga Kitinda mguu. Kitinda akasimama hivyo hivyo.

"Yupo, Mheshimiwa. Ni dada yetu, miaka sita sasa anamlea mama peke yake. Ila kwa mujibu wa taarifa iliyo mbele yenu, hana shughuli."

Aliinama akafungua boksi la kwanza. Vibandiko vilikuwa vimejipanga ukingoni, vyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akafungua la pili. "Hawa wote wamejibiwa na wanaume wao, wakiwa wapo nyumbani. Kanuni ya kumi na nne inasema warudiwe. Hatukuwarudia." Sauti yake ilipanda na hakuishusha. "Hao ndio mnaoambiwa wapo, wapo tu, wanangoja kupewa kazi. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa!"

Mwenyekiti alichukua dodoso moja, la pili, la tano. Alisoma kwa muda mrefu. Mwishowe alivua miwani, akasema taarifa ya Daktari irudishwe ikahesabiwe upya, na kwamba vituo vilivyokwisha kukamilika haviwezi kusubiri hesabu ya mtu. Vifunguliwe Jumatatu.

Kitinda alikuwa ukumbini ujumbe ulipoingia, saa tano na nusu. *Nimeshaandikishwa. Mama vipi?* Kabla hajaujibu, simu ikalia.

"Kitinda." Sauti ya Daktari ilikuwa imepauka, na nyuma yake Mama aliguna. "Amejilowesha tena. Nguo safi ziko wapi?"

"Kabati la kushoto, chini. Mgeuze kwanza aelekee ukutani, mshike bega na nyonga kwa pamoja, usimvute mkono. Umkaushe vizuri. Halafu saa saba na nusu umgeuze tena, na saa tisa na nusu, na saa kumi na moja na nusu."

"Na uji hataki. Anautema."

"Hujauchuja."

Akasikia ndoo ikisogezwa sakafuni.

"Sasa mimi," alisema kaka yake polepole, "kazi yangu nitaifanya saa ngapi?"

"Dodoso lako halina swali hilo, kaka," alisema Kitinda, akakata simu akamjibu dada yake.