Kuachiwa Bila Kupokelewa

Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi wake kwa miaka ishirini walimwita Asidi naye akajua na hakukanusha, alifika idara ya uhamisho Jumatatu asubuhi akiwa na begi moja na barua mbili. Barua ya shule aliyotoka ilisema ameshaachiwa. Ya shule aliyokwenda ilisema hawamjui.

"Nimepewa talaka, na mume mpya ananikana," alimwambia bawabu.

Alikuwa ameomba kuhama ili awe karibu na dada yake mgonjwa. Bawabu akampeleka kwa mkuu wa mifumo, bwana mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Slaidi, maana hakuwahi kujibu swali bila kuwasha projekta. Ndiye aliyeleta mfumo mpya wa uhamisho, uliojengwa juu ya programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Siku ya uzinduzi alitamka neno "huria" mara kumi na nne.

"Mama, mfumo huu haukosei," alisema, na ukutani yakatokea maduara matatu. "Kuna huduma ya kukuachia, ya kukupokea, na ya kukupangia nyumba. Kila moja iko kwenye mtambo wake. Ama zote zifanikiwe, ama zote zirudi zilikotoka. Hakuna katikati."

"Mimi niko duara gani?"

Bwana Slaidi akatazama ukuta, kisha saa yake. "Hilo ni kosa la mtumiaji."

"Mtumiaji gani? Sijagusa hata kitufe!"

Akaambiwa asubiri kwenye benchi la ukumbini. Akasubiri. Kufikia Jumatano benchi lilikuwa na walimu sita, mmoja wao akiwa amepangiwa nyumba lakini hana shule, na Asidi alikuwa anaita mahudhurio kila asubuhi. Mchana huo dada yake alipopiga simu kuuliza lini anafika, alijibu, "Karibu tu," akajifungia msalani kwa muda.

Bwana Slaidi akamwita fundi wake, msichana wa chumba cha mwisho. "Mwondoe yule mama pale. Wageni wanapita."

Fundi akamwondoa kweli: akampeleka chumbani kwake na kumvutia kiti.

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma msimbo wenyewe. Ukiona jambo halieleweki, uliza."

"Marahaba, mwanangu. Kuuliza ndiyo kazi yangu."

Fundi akamwonyesha kipande cha programu kwenye skrini. "Huyu anaitwa mratibu. Anaiambia huduma ya kwanza ikuachie. Ikikubali, anaiambia ya pili ikupokee. Ya pili isipojibu, hakuachi hewani: anairudia ya kwanza na kuiambia, tengua."

"Hapa juu anaandika kwanza ndipo anatuma. Kwa nini?"

"Ili akizimika ghafla, akiamka ajue alipoishia."

"Mwanafunzi mzuri huyu. Sasa mbona hakunitengua?"

Alhamisi wakapata jibu kwenye kumbukumbu za mfumo. Siku aliyoachiwa, saa sita mchana, mtambo wa huduma ya kupokea ulikuwa umelala. Mratibu akasubiri, akatuma agizo la kutengua, na akajibiwa: nimetengua. Akafunga jalada kwa amani.

"Nani aliyemjibu hivyo?" Asidi akauliza.

"Sisi. Mratibu anatoa agizo tu. Namna ya kutengua huandikwa na ofisi inayomtumia."

Fundi akaifungua sehemu hiyo. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema, "Tutaandika baada ya uzinduzi." Wa pili ulijibu, "Nimetengua." Chini yake palikuwa na jina kamili la Bwana Slaidi, pamoja na shahada yake.

Asidi akavua miwani. "Amekabidhi karatasi tupu, akajipa mia kwa mia!"

Wakati huohuo Bwana Slaidi alikuwa kwenye jukwaa la mtandaoni la watengenezaji wa programu ile, akiandika mbele ya dunia nzima kwamba programu yao imepoteza walimu thelathini na saba, na kwamba rahisi ni ghali. Mmoja wa watengenezaji hao, anayejitolea bila malipo, akajibu kwa upole: pole sana, hebu tuoneshe sehemu yenu ya kutengua. Bwana Slaidi, kifua mbele, akaibandika. Hadi wakati wa chakula ilikuwa imesomwa na watu wa nchi asizoweza kuzitamka. Mmoja aliuliza tu, "Uzinduzi bado?"

Fundi akaiandika sehemu ile upya kwa asubuhi moja.

"Na kama shule ya zamani imeshaweka mtu mwingine mahali pangu?" Asidi akamuuliza, akichungulia juu ya bega lake.

Fundi akafuta mistari minane, akaanza tena. Ijumaa alasiri walimu wote thelathini na saba walirudishwa walikotoka, kisha wakahamishwa sawasawa. Asidi alipokea barua moja tu safari hii, akaisoma mara mbili, akamkumbatia fundi na kwenda kupanda basi kwa dada yake.

Mwezi uliofuata Bwana Slaidi alitoa semina iitwayo "Safari Yetu ya Kutengua", akapandishwa cheo na kuhamishiwa makao makuu. Uhamisho wake haukupitia kwenye mfumo. Aliubeba mwenyewe mkononi, ndani ya bahasha, akasimama dirishani mpaka ukagongwa muhuri.