Tiyo ya Pombe ya Matanga

Emerance alisimama mbele ya meza ya Yannick, sokoni Bunia, ameshika mpira mmoja wa kuhamishia pombe mkono huu na mwingine mkono ule, na kwa jinsi alivyokuwa anaikagua ungedhani anachagua mume. Cheka ukitaka. Mwenzako alikuwa anachagua kama atabaki na mwanawe au atanyang'anywa.

Maana mambo yalikuwa hivi. Mume wake, Adrien, dereva wa lori la mbao, alirudi kutoka safari mwaka uliopita akiwa ameshika tumbo. Akala wali wa mkewe, kidogo tu, akalala, hakuamka mzima tena. Daktari alisema ni utumbo uliopasuka. Lakini dada mkubwa wa Adrien, Clarisse, hakumsikia daktari; yeye alisikia wali. Toka siku ile, kule Komanda alikoolewa, karibu na baba yake, kila aliyempa sikio alimwambia neno moja tu: sumu.

Sasa ukoo wa Adrien ulikuwa unakuja Rwambuzi, mtaa wa Bunia, nyumbani kwa Emerance, kumaliza matanga. Kwao pombe ya siku hiyo inapikwa na mjane kwa mikono yake mwenyewe, na mjane ndiye anayekunywa wa kwanza, watu wote wakimtazama. Wanaita kutosha sumu, yaani kuitoa. Baada yake anaonja mtoto wa marehemu, kikombe kile kile, halafu ndiyo wazee. Ikinyweka, maneno yamekwisha na mtoto anabaki kwa mama. Isiponyweka, binti yake Gracieuse, bado hata meno ya mbele hajamaliza kuota, anaondoka na shangazi yake. Na Emerance angesemewa na nani? Watu wake wa Djugu vita viliwatawanya, huyu kambini, yule hata haijulikani kama yupo.

Pombe yenyewe, jamani, ilikuwa imekubali. Mahindi yalichipua vizuri, mtama ukasagwa, vikapikwa, na sasa pombe ilikuwa imetulia ndani ya pipa la bluu nyuma ya nyumba, machicha yote yamelala chini. Kazi iliyobaki ilikuwa kuihamisha kutoka kwenye pipa kwenda kwenye bidoni, dumu la plastiki, bila kuyaamsha yale machicha. Siku nyingine ungetumbukiza mpira, ukafyonza mara moja, pombe ikaja yenyewe. Kila mama anayepika pombe Bunia anafanya hivyo. Ila Clarisse alikuwa amepiga simu.

"Mama Gracieuse, usikie vizuri. Hakuna kinywa itagusa ile pombe mbele siye tufike. Ya kwako, ya jirani, ya mutoto, hapana. Na usiichote na kikombe ikuwe ya matope. Muzee baba yetu hapendi matope."

"Ndiyo, yaya Clarisse," akajibu, kama anavyoitwa dada mkubwa.

Ndiyo, yaya! Angeuliza basi, mpira unafyonzwaje bila kinywa? Hakuuliza. Aliyeshtakiwa haulizi maswali, anaogopa hata swali litageuzwa kuwa kosa.

Yannick, kijana mwenye mdomo mtamu, alimwonyesha mipira yake yote, yeye akiiita tiyo. Kulikuwa na ile nyeupe inayoonyesha ndani, unaona pombe inavyopita, unaona kama uchafu umebaki, haishiki harufu. Nzuri, ila inataka kufyonzwa. Kulikuwa na ile ya kijani ya kumwagilia bustani, nene, ndani huioni wala huifikii kuiosha. Na kulikuwa na moja nyeusi, katikati ina kitu kama embe la mpira.

"Iyi, mama, haiombe kinywa," Yannick akasema, akalibinya lile embe, likapumua. "Unabinya tu, kitu inakuya yenyewe."

Emerance akaipokea kwa mikono miwili. "Iko mupya?"

"Mupya kabisa! Ya maji tu iyi."

Akainusa. Sasa hapa ndipo ninapotaka kumshika mabega nimtikise. Lakini pua yake ilikuwa imekufa kitambo: jirani yake Fabrice anauza esansi, petroli ya pikipiki, kwenye chupa, palepale kwenye ua wao, na harufu ile ilishaingia kwenye nguo za Emerance, kwenye mashuka, hata kwenye ugali. Alinusa, akasikia harufu ya nyumbani. Akaona ni salama. Akairudisha ile nyeupe mezani, akachukua nyeusi.

Aliiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole vikakunjamana. Akahamisha pombe, akibinya taratibu, na ilitoka safi, haina hata punje ya machicha. Alisimama akaitazama, akalia kidogo kwa furaha. Rafiki yake Solange, aliyekuja kumsaidia kuosha vikombe, akaikuta ile tiyo kwenye kamba.

"Weye nawe, ulienda kununua iyi yote juu ya nini? Ungejaza tu maji ndani ya tiyo ya kawaida, ufunge na kidole, utumbukize, uachilie. Inavuta yenyewe."

"Bila kufyonza?"

"Bila kufyonza!"

Wakacheka wote wawili. Emerance alicheka kwa sababu aliona kazi imeshakwisha.

Siku ya matanga ukoo ukaja. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, mzee Mathieu, baba yake Adrien, akawekwa mbele. Mzee huyu hakuwa mbaya. Tangu mwanawe afe hakuwahi kumtamkia Emerance neno la ukali, na siku hiyo alimshika mkono akauweka muda mrefu kwenye wake. Walisali, wakaimba, wakalia tena kidogo. Kisha Clarisse mwenyewe akafungua bidoni, akamimina, akampa Emerance kikombe kwa mikono miwili.

Emerance akanywa.

Esansi. Si kwa mbali, si kwa kudhania. Ilimpanda puani, ikamchoma koo, ulimi ukafa ganzi. Ile tiyo ilikuwa ya wauza mafuta, ilishavuta mapipa na mapipa ya esansi, na maji yake ya moto yalikuwa yameilegeza tu iliyojificha ndani ya mpira, ikafuata pombe. Akameza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, hata siku ile ya kukimbia Djugu.

"Pombe iko namna gani, mwanangu?" mzee Mathieu akauliza, akitabasamu.

"Iko muzuri, papa."

Watu wakapumua. Mtu mmoja akapiga makofi. Na Gracieuse, ndani ya gauni jeupe aliloshonewa kwa siku hiyo, akanyoosha mikono.

Funda moja haliui mtoto, Emerance alijiambia. Atakunja uso, nitamkonyeza, atasema ni tamu, ni mtoto msikivu. Wazee nao labda watadhani harufu inatoka kwa Fabrice. Labda watakunywa kwa heshima, wanyamaze. Akampa kikombe. Ndiyo, alimpa! Akaona midomo ile midogo inagusa ukingo, na mkono wake ukaruka wenyewe.

"Usikunywe!"

Kikombe kikaenda chini, pombe ikamwagikia gauni jeupe. "Hakuna mutu akunywe," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nawaomba. Musikunywe."

Clarisse hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Aligeuka tu kwa watu. "Mumesikia na kinywa yake mwenyewe."

Emerance akaanza kueleza, maneno yakigongana: tiyo, machicha, simu, embe la mpira. Akakimbia kuileta. Fabrice akaitwa, akainusa mara moja tu. "Iyi ni ya esansi, muzee. Yetu iko vilevile." Mzee Mathieu akaipokea, akaisogeza puani, akafumba macho. Kisha akamwita mkwewe akae karibu.

"Ninakuamini," akasema. "Si sumu. Na ya Adrien vilevile, daktari aliniambia, ninaamini."

Emerance akaanguka magotini, akamshika miguu. Mungu wangu, kwa nusu dakika ile alikuwa na mtoto wake.

"Lakini usikie, mwanangu. Umekunywa, ukaniambia iko muzuri. Ukampa mutoto. Niliona mkono yako ikimpa." Mzee alikuwa analia. "Sisemi uko mubaya. Nasema, nitalala namna gani kule Komanda, nikijua Gracieuse anakula hapa?"

Emerance angejibu nini? Kila alichosema mzee kilikuwa kweli. Uongo wa Clarisse angepambana nao mpaka kesho, lakini huyu mzee alikuwa amemwamini.

Pombe ikamwagwa nyuma ya nyumba. Nguo za Gracieuse zikaingia kwenye mfuko mmoja, na nafasi ikabaki. Nje pikipiki ilikuwa inanguruma. Emerance alichuchumaa mbele ya binti yake kumvalisha sweta, maana barabarani kuna baridi.

"Mama," Gracieuse akasema, "juu ya nini haukuniacha nikunywe? Ningesema iko tamu."

"Najua," Emerance akasema.

Akafunga vifungo vya sweta, akakosea, kimoja kikabaki juu bila tundu. Akavifungua vyote ili aanze upya, na Clarisse akasema kutoka mlangoni kwamba basi, inatosha, atamfunga yeye.